Barua ya Utambulisho ya Kuishtaki Serikali

Mimi sina ugomvi na serikali. Naomba hilo lieleweke mapema, maana nikitamka tu neno mahakama watu wa hapa Mikumi wanasogeza viti vyao mbali na changu. Serikali ndiyo iliyonianza, tena ikiwa na king'ora.

Nauza chakula kando ya barabara kuu. Malori yanasimama, madereva wanashuka wakijinyoosha viuno, wanadai supu kwa hasira kana kwamba mimi ndiye niliyewachelewesha Tunduma. Miaka kumi na kitu nipo hapo hapo, na mdomo wangu wanaujua. Marehemu mdogo wangu alikuwa akinitania kwamba mdomo wote wa ukoo nilipewa mimi, yeye hakubakiziwa hata wa kujibu salamu. Alikuwa mpole kweli. Aliolewa upande wa Kilangali na kijana wa wale waliohamia na ng'ombe wao kutoka kanda ya ziwa, mpole kama yeye, wakawa wanalima mpunga wao kidogo na kufanya vibarua kwenye shamba la mbegu. Nikimpigia simu nimwage yangu ya moyoni, yeye ni "enhe, dada, enhe," mpaka salio linaniishia.

Alipokaribia kujifungua mimba yake ya kwanza, mama yetu alishuka kutoka milimani kuja kumsubiri. Mama ni Mwanglikana wa shule ya misheni. Anasoma vizuri, anaandika mwandiko wa kuchora, na hajui kubishana na mtu mwenye koti jeupe. Kwao walifundishwa kwamba daktari akikuuliza unajibu, akikupa karatasi unasaini, akikufukuza unamshukuru.

Sasa uchungu nao ulichagua siku. Siku hiyo wilaya yetu ilikuwa na ugeni mkubwa. Mgeni alikuwa anakuja kufungua wodi ya wazazi. Wodi ya wazazi, jamani, sikuitunga mimi. Huku Mikumi tulianza kupangwa tangu alfajiri. Mtu wa kata alipita na kipaza sauti: kila mfanyabiashara afagie mbele yake, mabanda mabovu yafunikwe kwa turubai, watu wasimame barabarani waonyeshe furaha. Nikaonyesha. Nilivaa kitenge kipya, nikashika tawi la mwarobaini, nikasimama juani kama wenzangu. Saa tatu na nusu msafara ukapita: pikipiki, magari meusi ya vioo vyeusi, magari meupe yaliyobeba sijui nani, na mwisho kabisa gari la wagonjwa, jipya, limeoshwa linameremeta, taa zinazunguka juu. Nikamwambia jirani yangu, "Wenzetu hao, hata mafua yao yana usafiri." Tukacheka sana. Halafu nikalipungia mkono. Mungu wangu, nililipungia mkono gari la mdogo wangu.

Maana lile gari lilikuwa la kituo cha afya cha kule kwao. Sikitaji kituo chenyewe, wanakijua wenyewe. Walikuwa wamelipata miezi michache nyuma, na kwa sababu ndilo lililokuwa jipya kuliko mengine yote, likaombwa liende kuupendezesha msafara. Mgeni wa watu asije akaugua njiani.

Mama na mdogo wangu walifika kituoni kwa bodaboda saa moja asubuhi, mumewe akawafuata nyuma. Walimkuta nesi mmoja. Wengine wote walikuwa wamekwenda kwenye ugeni kuipokea wodi. Ilipofika karibu saa nne nesi akaona mtoto kalala vibaya, hatoki bila upasuaji, na upasuaji ni mpaka hospitalini. Akapiga simu kuita gari. Gari likarudi saa kumi jioni, na maua ya plastiki yakiwa bado yamefungwa mbele. Mdogo wangu na mtoto wake wakafia njiani kabla hawajafika Kilosa mjini. Mimi wakati huo nilikuwa naosha masufuria, nimechoka kwa kuonyesha furaha.

Miili ikarudishwa kituoni, na hapo ndipo mkubwa wa kituo akatokea, bado kavaa fulana ya ugeni yenye picha kifuani. Akamuuliza mama, "Uchungu ulianza lini?" Mama, kwa ukweli wake wa misheni, akajibu kwamba tangu jana jioni mwanawe alikuwa akilalamika kiuno. Mtu mwingine angesema leo asubuhi na mambo yakaishia hapo. Mama alisema jana, kwa sababu ni kweli ilikuwa jana, ingawa hakuna mwanamke duniani anayekimbizwa kituoni kwa maumivu ya kiuno. Yule bwana akaandika: mgonjwa alichelewa kufika, ndugu walimchelewesha nyumbani. Akamsogezea karatasi, "Saini hapa, mama, ili upewe mwili." Mama akavaa miwani, akasoma yote mpaka mwisho, akasaini jina lake kamili kwa mwandiko wake mzuri. Akasema ahsante.

Tangu siku hiyo mama akaamini kwamba amemuua mwanawe.

Hakuna aliyeweza kumtoa humo. Nilimwambia, "Mama, mlifika saa moja asubuhi, mlichelewa nini?" Akanijibu kwamba imeandikwa, na yeye mwenyewe alisaini. Upande wa wakwe walishaanza kusema bibi wa milimani alimpa mwanawe dawa za mizizi. Kanisani kwao mama alikuwa anakaa mbele na kina mama wenzake, kavaa sare yao nyeupe. Akahamia benchi la mwisho, karibu na mlango, na ikifika zamu ya meza ya Bwana habanduki kwenye benchi. Mchungaji alimfuata nyumbani, akamwambia Mungu anasamehe. Mama akamwambia anajua, ndiyo maana anasubiri asamehewe kwanza. Mimi nilikuwa namwangalia anavyokonda, nguo zinamning'inia, nikaona huyu naye ananiondoka kwa sababu ya mstari mmoja wa kalamu ya mtu mwenye fulana ya ugeni. Nikasema thubutu. Huo mstari nitaufuta, hata kama ni kwa meno.

Nilianza kwa adabu. Nilikwenda kituoni nikaomba faili. Nikaambiwa faili ni mali ya serikali. Nikauliza, na marehemu? Wakasema huyo ni wenu, mmeshakabidhiwa.

Kuna binti mmoja mwanasheria wa Morogoro, alikuwa akipita Mikumi kwenda Iringa kwenye shughuli zake, na supu yangu aliipenda. Siku moja alinikuta nimenuna, akaniuliza, nikammwagia yote. Aliweka kijiko chini. Akaniambia, "Mama, hili linashtakika. Na nyumbani ikishindikana, ipo mahakama ya kimataifa inayosikiliza kesi za serikali zilizozembea afya za watu wao." Nikamtazama vizuri nione kama ana homa. Mimi? Na serikali? Mbele ya dunia? Akasema ndiyo, ila masharti yake ni kwamba lazima kwanza umalize njia zote za hapa nyumbani. Ala! Kumbe hata kuonewa kuna ngazi, hupandi ya pili kabla hujaonewa vizuri kwenye ya kwanza.

Tukaanza ya kwanza. Na mahali pa kwanza kabisa, kama Mtanzania yeyote anayejielewa, nilikwenda kuchukua barua ya utambulisho. Huku kwetu hufanyi lolote bila barua ya utambulisho. Ukifungua akaunti, barua. Ukimdhamini mtu, barua. Binti hakuniagiza hilo, alikuwa hata hajui nimekwenda. Ni akili yangu tu iliyolelewa hivyo. Nikamkuta mtendaji ofisini kwake.

"Karibu mama. Barua ya kwenda wapi?"

"Mahakamani."

"Unamshtaki nani?"

"Serikali."

Akaacha kuandika. "Serikali ipi?"

"Iliyopo."

Akanyanyuka, akafunga mlango, akarudi kukaa. "Mama, mimi ndiye serikali."

"Najua, baba. Ndiyo maana nimekuja kwako. Nitambulishe kwamba unanifahamu, mimi ni mkazi wako, mtulivu, na sina rekodi mbaya."

Akapekua droo yake. Ningekuwa nataka mkopo angenifukuza, lakini hakuna mwongozo wowote uliowahi kumwambia asimtambulishe mtu anayekwenda kumshtaki. Mwisho akaandika. Akaweka mhuri mara mbili, kwa sababu wa kwanza haukukolea. Barua ilisema mtajwa hapo juu ni mkazi mwema, naomba apewe msaada anaouhitaji. Binti alipoiona alicheka mpaka akafuta machozi, akasema haina kazi yoyote kisheria, akaiweka kwenye jalada hivyo hivyo.

Kesi ya nyumbani sitaki hata kuisimulia, nitapandisha presha. Mara ya kwanza ilitupwa kwa sababu hatukuipa serikali taarifa ya siku tisini. Ndiyo, ukitaka kuishtaki unaiambia siku tisini kabla, ijiandae isije ikapata mshtuko. Mdogo wangu hakupewa hata dakika tisini. Haya, tukatoa taarifa, tukasubiri, tukafungua upya. Jaji akahamishwa. Akaja mwingine, naye akawa masomoni. Wakili wa serikali akaugua malaria, nikampa pole, akaugua tena, nikampa pole tena, ya tatu nikamuuliza kama na yeye anatibiwa kituo kile kile. Binti akanifinya. Jalada likapotea, likapatikana, likawa halina kurasa. Nilikuwa nafunga biashara siku nzima kwenda kukaa kwenye benchi na kuambiwa njoo mwezi ujao. Mwisho wakasema, na kwenye rufaa wakarudia, kwamba hakuna ushahidi wa uzembe, maana kumbukumbu za kituo zinaonyesha wazi mgonjwa alichelewa, na ndugu alikiri kwa saini.

Siku hiyo binti alikuwa na macho mekundu. Mimi nilimwambia, "Usilie mwanangu, si ndiyo tumemaliza njia za nyumbani? Twende kwa watu wazima."

Habari zikasambaa hapa kijiweni. Madereva wakanipa jina, Mama Dunia. "Mama Dunia, leta wali maharage, au kesi imehamia kwenye sufuria?" Mwingine ananiambia nikishinda nisiwasahau, niwaombee hata lami ya nyumbani kwao. Mtu wa kata alikuja kunywa chai, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaniuliza kwa upole kama kuna mtu ananituma. Nikamwambia yupo. Akasogeza sikio. Nikamwambia ni mama yangu mzazi, na hela ya chai inalipwa kabla ya kuondoka. Lakini nisijisifu. Nilipokuwa peke yangu niliogopa. Nilikuwa nikisikia gari limesimama nje nazima taa.

Mahakama ya kimataifa ikajibu kwamba imepokea na imeitaka serikali ijieleze. Ikapita miezi mingi. Kisha serikali ikajieleza, na hapo nikajua kwamba kumbe wenzetu wakiamua kuandika wanaandika. Binti alikuja na kitabu kizima, kinene kuliko Biblia ya mama. Tulikaa nyuma ya jiko, akawa ananisomea. Serikali inasikitishwa na msiba huu. Serikali inajali sana afya ya mama na mtoto. Serikali imejenga wodi ya kisasa, tazama picha, na kwenye picha mgeni anakata utepe. Siku ile ile. Nilimtafuta mdogo wangu kwenye ile picha kama mwehu, eti labda yupo nyuma.

Mbele kidogo serikali ikasema si kweli kwamba kituo hakina gari. Gari lipo, ni zima, na linafanya kazi kila siku, na ili kuithibitishia mahakama hilo tumeambatanisha kitabu cha safari za gari. Kuna ofisa fulani mahali fulani, Mungu ambariki kwa uvivu wake, aliyetoa kopi za kurasa zote za kitabu bila kusoma hata moja. Binti alikuwa anafunua, anafunua, akasimama. Akasoma kimya. Kisha akanigeuzia.

Ilikuwa ile tarehe. Kwa mwandiko wa dereva, herufi kubwa kubwa, kaandika kaondoka kituoni alfajiri kwenda kupokea msafara Mikumi. Chini yake: saa nne kasoro robo, simu ya nesi, kuna mama mjamzito yupo kituoni tangu saa moja, anatakiwa hospitali haraka. Chini yake: nimeomba ruhusa, nimeambiwa hadi ugeni uishe. Na chini kabisa: nimemjibu nesi gari haliji kwa sasa.

Yupo kituoni tangu saa moja. Kwa karatasi ya serikali, iliyoletwa na serikali, mbele ya dunia. Nilipiga vigelegele, wateja wakadhani nina harusi. Nikamkumbatia binti na masizi yangu yote. Yule dereva sijawahi kumwona, lakini akipita Mikumi hatalipia chakula maisha yake. Binti akanitahadharisha kwamba bado safari ndefu, hukumu inaweza kuchukua miaka, na hata tukishinda serikali inaweza kujifanya haijasikia. Nikamwambia hiyo hukumu wakae nayo kwanza, mimi nilichokitaka nimekipata. Nikaomba kopi ya ukurasa ule mmoja.

Kesho yake nikafunga biashara. Nikapanda gari mpaka Kilosa, nikaunganisha, tukapita Chanzuru, nikapanda milima na kuku wangu mkononi na soda za kusherehekea. Njia nzima nilikuwa nampanga mama kichwani: Jumapili hii anavaa sare yake, anatembea mpaka mbele, na mimi pembeni yake, na atakayegeuza shingo atanitambua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona leo si siku ya kuja, kuna mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa. Vaa miwani."

Nikampa karatasi. Alisoma kama anavyosoma siku zote, polepole, kidole kikifuata mistari. Akafika mwisho, akarudi juu, akasoma tena. Mimi nilikuwa nasubiri alie kwa furaha, au apige magoti, au walau aniambie ahsante mwanangu, maana hiyo kesi ilinizeesha. Alivua miwani akaiweka mapajani.

"Haya maneno ya mwisho," akasema kwa lugha yetu ya nyumbani. "Nesi aliambiwa gari haliji?"

"Ndiyo mama. Unaona sasa? Si wewe. Ni wao, wameandika wenyewe."

"Saa nne?"

"Saa nne kasoro robo."

Akaanza kusema, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo. "Mimi nesi aliniambia linakuja. Alikuwa na huruma yule binti, nadhani alishindwa kuniambia. Nikaingia ndani nikamwambia mdogo wako, vumilia, gari linakuja. Mume wake alitaka kukimbia kule shamba la mbegu akaombe trekta. Nikamwambia trekta litamrusharusha, tusubiri gari. Saa sita aliniuliza, nikamwambia linakuja. Saa nane aliniuliza. Alikuwa anapiga kelele sana, watu wa nje walikuwa wanasikia. Nikamwambia nyamaza mwanangu, hutalisikia likifika. Akanyamaza. Hakupiga kelele tena."

Kuku nilikuwa bado nimemshika. Nikamweka chini.

"Kwa hiyo hatukuchelewa," mama akasema. "Tulisubiri."

Akaikunja karatasi, akanirudishia kwa mikono miwili. Jumapili yake alikaa benchi la mwisho, na mimi nilikaa pembeni yake.

Siku ya pili yake nilimpigia simu binti nikamwambia kuna dai nataka aongeze kwenye kesi yetu, la yale aliyoniambia mama. Akasema sawa mama, yeye yuko tayari na kalamu, nilitaje. Nikafungua mdomo, mimi niliyepewa mdomo wote wa ukoo. Akasubiri, akaita mama, mama, unanisikia? Nilikuwa namsikia vizuri sana.